Barua Isiyofunga

Ukitaka kumuudhi fundi Abdulmajid siku hizi, usimtukane. Matusi ya Kariakoo ameyazoea, amekulia humo. Mwambie tu kwamba una nia. Mwambie una nia ya kumpa kazi, una nia ya kumtembelea, una nia ya kumnunulia kahawa, halafu umtazame anavyoinamia cherehani na kukanyaga pedali mpaka uzi unakatika. Wanaomjua hulikwepa neno hilo wakiwa karibu naye. Wasiomjua hudhani mzee ana kiburi. Hana kiburi hata chembe. Ana uchungu, na watu wa Mtaa wa Lindi wamekuwa wakiusimulia uchungu huo nusunusu huku wanacheka. Acha leo usimuliwe wote, na atakayetaka kucheka acheke baada ya kuumaliza.

Abdulmajid ni fundi wa maturubai. Si yale mahema ya harusini yenye vishada, hapana. Ni maturubai ya malori, yale mazito yanayofunika mzigo unaotoka bandarini kwenda Tunduma na Kigoma na ng'ambo ya mpaka. Alizaliwa Magomeni na hajawahi kuhama. Anaishi kwenye nyumba aliyoachiwa na baba yake, yeye na mkewe Mgeni na binti yao mdogo, Shamsa. Yule mkubwa, Nasreen, ameolewa Tanga. Kazi alijifunza Kariakoo akiwa hajaota ndevu, kwa fundi mmoja mkali ambaye mshono usipompendeza aliufumua kwa meno mbele ya mteja, kusudi mwanafunzi aone haya. Fundi yule alipokufa, Abdulmajid alirithi cherehani yake, na zaidi ya cherehani akarithi fremu.

Fremu ya Kariakoo mtu wa mbali anaweza asiielewe. Ni chumba tu cha duka kinachotazama barabara, lakini kwa ajili ya chumba hicho ndugu wa tumbo moja wamepelekana mahakamani. Kabla hujalipa hata kodi ya mwezi mmoja, unatoa kilemba ili uruhusiwe kuingia, na kilemba cha siku hizi kinaweza kukujengea nyumba Chanika na ukabakiwa na hela ya bati. Abdulmajid hakutoa kilemba. Bibi mwenye nyumba alimwambia, kaa mwanangu, naye akakaa. Bibi alipofariki, wanawe walimwacha kwa sababu walionea haya kauli ya mama yao. Lakini kila mtu mtaani alijua, na Abdulmajid alijua kuliko wote, kwamba siku atakayoutoa mguu wake mle hataurudisha tena.

Humo ndimo alimojengea jina. Turubai la kawaida hutuama maji kwenye pembe, maji yakituama kitambaa huoza, na mzigo wa mtu unalowa njiani. Abdulmajid alikuwa na namna yake ya kuikunja pembe, akaipindua mara ya pili kwa ndani, akaishona kwa mshazari, maji yakawa yanateleza na kwenda zao. Madereva waliiita pembe ya Majidi. Wengine walikuwa wanakuja na turubai la fundi mwingine, jipya kabisa, wanamwambia, mzee, tutolee hizi pembe utuwekee za kwako. Yeye anafanya hivyo huku anamsema yule fundi mwingine, maana midomo nayo anayo.

Sasa, ili uelewe alivyojiangamiza, lazima umjue Abdulmajid mbele ya barua. Miaka iliyopita ililetwa barua ya posa ya Nasreen. Ililetwa kama inavyoletwa barua ya posa: washenga wamevaa kanzu, bahasha imeviringishwa kwenye kitambaa, salamu ndefu, maneno ya kuzungukazunguka. Aliyeposa alikuwa kijana wa Tanga asiye na kitu, mwalimu wa shule ya msingi. Abdulmajid akaipokea, ikakaa siku zake, akajibu kwamba wameridhia. Haikupita muda akatokea mwingine, mwenye maduka mawili Msimbazi na gari la kutembelea, naye akatuma watu. Mgeni alitikisika kidogo, na mama yeyote angetikisika. Abdulmajid hakuyumba. Alisema nyumba iliyokwisha kupokea barua ina mwenyewe, na haifai mtu kuposa juu ya posa ya mwenzake. Wajumbe wa tajiri walirudi na bahasha yao. Tangu hapo Magomeni nzima ikimtaka mtu wa kutolea mfano wa neno moja, inamtaja yeye, na yeye hakuichukia sifa hiyo.

Basi siku moja ikaja barua nyingine, na hii haikuja Magomeni. Ilikuja Kariakoo, pale kwenye fremu, mkononi mwa kijana nadhifu aliyeitwa Wilbert. Alikuwa afisa manunuzi wa kampuni kubwa ya malori, kampuni ambayo jina lake tutaliacha lilipo. Wilbert alikuwa amekuja mara kadhaa kabla ya hapo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akazishika zile pembe, akauliza maswali ya mtu anayetaka kujua, akamwita Abdulmajid mzee wangu. Siku hiyo alitoa shikamoo, akaitikiwa, akatoa bahasha ya kaki yenye mhuri wa kampuni.

Ndani iliandikwa kwa Kiswahili kizuri cha ofisini. Juu kabisa: YAH: BARUA YA NIA. Chini yake ilisema kwamba kampuni ina nia ya kuingia mkataba na karakana yake, wa kutengeneza maturubai ya malori yake yote. Ilisema kwamba mazungumzo ya bei na muda yataendelea. Ilisema kwamba katika kipindi hicho karakana ihakikishe ina eneo la kutosha la kukunjua turubai la trela zima, na isipokee kazi nyingine zitakazopunguza uwezo wake. Halafu mwishoni, kabla ya sahihi, ulikuwepo mstari mmoja mfupi: Barua hii haifungi upande wowote.

Abdulmajid aliisoma akiwa amesimama, akairudia akiwa amekaa. Lile neno la kwanza ndilo lililommaliza. Nia. Mtu wa pwani hasikii neno hilo kama linavyosikika ofisini. Kwake yeye swala bila nia ni mazoezi ya viungo, na funga bila nia ni njaa tu. Nia ndiyo inayolifanya jambo liwe. Ukishatia nia umeshaingia, Mungu ameshakuandika. Na hapa kampuni nzima, yenye geti na walinzi na malori yasiyohesabika, imetia nia kwa maandishi na kupiga mhuri juu yake. Angetaka nini tena?

Jioni aliipeleka nyumbani Magomeni, akamsomea mkewe sebuleni kwa sauti ya kusoma hotuba. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, na lingepata wa kulisikiliza lingeiokoa nyumba.

"Haifungi upande wowote, maana yake nini, Baba Nasreen?"

"Haifungi mlango," alisema Abdulmajid. "Yaani milango iko wazi pande zote. Sisi tuna nafasi ya kusema letu na wao la kwao. Watu waungwana hawa."

Mgeni akainuka kwenda kuandaa chakula. Si kwamba aliridhika, ila kwa miaka yote ya ndoa yao mumewe ndiye aliyesoma barua zinazoingia ile nyumba na kuzitolea maana.

Na kwa kuwa barua imekuja, lazima ijibiwe. Abdulmajid alimjibu mposaji wake kama wanavyojibiwa waposaji. Aliandika kwa mkono wake kwamba wameipokea barua na wameiridhia, akavaa kanzu ya Ijumaa siku ambayo haikuwa Ijumaa, akabeba boksi la halua na visheti alivyokaanga Mgeni, akaenda kwenye ofisi za kampuni karibu na bandari. Mlinzi alimuuliza kama amekuja kwenye msiba. Dada wa mapokezi alichukua visheti, akashukuru, akala hapohapo na wenzake. Wilbert alitoka, akaona halua, akacheka kwa adabu, akapiga mhuri wa kupokelewa juu ya jibu la mzee na kuliweka kwenye faili. Abdulmajid alirudi Kariakoo akijiona mkwe.

Kuanzia hapo alifanya kama inavyofanya nyumba yenye mchumba. Alifunga mlango kwa wengine.

Wa kwanza kuupiga hodi alikuwa Rogath. Huyu ni Mchaga wa Rombo, ana duka la jumla la mchele na maharage na vilori vyake kadhaa vya kupeleka mzigo mikoani, na alikuwa mteja wa Abdulmajid tangu lori lake la kwanza, lile bovu la bluu. Walikuwa wanataniana kila wakionana. Mmoja anamwita mwenzake Mangi, mwenzake anamwita Mswahili wa Magomeni asiyeisha maneno. Masika yalikuwa yanakaribia, na Rogath alitaka malori yake yote yafunikwe upya. Alikuja na vipimo vimeandikwa nyuma ya risiti.

Abdulmajid akamwambia hawezi. Akamweleza habari ya barua, akaitoa, akamsomea ile sehemu inayosema karakana isipokee kazi nyingine. Rogath alikuwa mtu wa biashara, amepokea karatasi za kila aina na nyingine zimemuumiza. Aliuliza mkataba uko wapi. Akaambiwa uko njiani. Akauliza kama wametoa hata kianzio cha kununulia kitambaa. Akaambiwa bado, watu hawaanzi hivyo.

"Fundi, hiyo siyo mkataba," alisema Rogath. "Hiyo ni karatasi ya kukuweka. Nishonee mimi huku unawasubiri."

"Mangi, wewe mwanao akishaposwa, utampokelea barua nyingine huku unamsubiri wa kwanza?"

Rogath aliona kwamba ukishaletewa binti wa mtu kwenye mazungumzo huna tena la kusema. Aliikunja risiti yake, akatoka. Hakukasirika. Alikwenda kwa Augustino, fundi wa mtaa wa nyuma, kijana ambaye Abdulmajid alikuwa akiwaambia watu kwamba anashona maturubai kama anashona foronya.

Wakafuata wengine, mmoja mmoja, nao wakarudishwa. Eliakimu, mfanyakazi wake wa miaka mingi, alianza kukaa nje akipiga soga na wauza maji, maana ndani hapakuwa na kazi. Kampuni iliomba sampuli, ikashonewa turubai moja zima la trela, kitambaa cha Abdulmajid, uzi wa Abdulmajid, jasho lake. Wilbert alilichukua na kusema bodi imelipenda sana. Akaomba na mchoro wa ile pembe, ili wahandisi wauone. Abdulmajid hakuwa na mchoro, pembe ilikuwa mkononi mwake. Akakaa chini na Eliakimu wakaichora kwenye karatasi ya kukatia, kila mkunjo na mwelekeo wa mshono, akaitoa kwa moyo mkunjufu. Mtu hamfichi mkwewe namna nyumba inavyopika.

Halafu likaja suala la eneo. Wilbert alisema watakuja watu wa kukagua, na fremu ile ilikuwa finyu. Ilikuwa hivyo kweli. Turubai kubwa alikuwa analikunjua barabarani alfajiri kabla wamachinga hawajapanga vitu vyao. Kulikuwa na ghala tupu Gerezani, karibu na reli, kubwa na lenye sakafu nzuri, na kodi yake haikubebeka ukiwa na fremu mkononi. Ilibidi kuchagua.

Mgeni alimwomba. Si kwamba alimshauri, alimwomba, na yeye si mwanamke wa kuombaomba. Alimwambia asubiri mkataba utiwe sahihi ndipo arudishe ufunguo. Alimwambia fremu ile ndiyo kila kitu walichonacho, nyumba inakula pale, Nasreen alisomeshwa pale, Shamsa anatazamiwa kuozwa kwa heshima kutoka pale. Abdulmajid alimjibu kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya, kwa maana ulikuwa upole wa mtu asiyekuwa na shaka. Alisema watu wametia nia. Alisema wakija kukagua wakakuta hana pa kukunjulia, atakuwa yeye ndiye aliyevunja.

Akarudisha ufunguo. Watoto wa yule bibi waliupokea wakiwa hawaamini. Walimuuliza mara mbili kama ana hakika. Wiki haikuisha, fremu ikajaa makava ya simu kutoka sakafuni hadi darini, na kilemba kilichotajwa mtaani kiliwafanya watu wapige mluzi. Cherehani ya marehemu fundi ilipakiwa kwenye guta la magurudumu matatu ikapelekwa Gerezani, Abdulmajid akiishikilia kwa nyuma kama anasindikiza mgonjwa.

Wakaguzi hawakuja. Alipopiga simu aliambiwa bodi haijakaa. Akapiga tena, bodi imekaa lakini haikulifikia jambo lake. Baadaye Wilbert akawa kikaoni kila saa. Masika yakaingia, mvua ikapiga bati la ghala mpaka mtu na mwenzake hawasikilizani, na ndani ya ghala Abdulmajid na Eliakimu wakakaa wakitazamana na sakafu nzuri. Eliakimu alikuwa na watoto. Akaomba ruhusa awe anakwenda bandarini kutafuta kibarua cha kupakia, akaruhusiwa.

Ni huyo Eliakimu aliyeleta habari. Alirudi mchana mmoja amelowa, akasimama mlangoni. Alikuwa ameyaona malori ya kampuni yakitoka getini kwa msururu, yamefunikwa maturubai mapya ya kijani, ya kiwandani, yaliyoshushwa kutoka kwenye kontena. Abdulmajid alisema huenda ni ya muda tu, ya kuvukia mvua. Eliakimu alitikisa kichwa. Alisema amesogea karibu akatazama pembe. Zilikuwa zimekunjwa mara mbili, kwa ndani, na mshono wa mshazari.

Abdulmajid hakuvaa kanzu safari hii. Alikwenda na nguo za kazi, akakaa mapokezi pale alipokuwa amekaa na boksi la halua, na dada yule alimkumbuka kwa visheti. Wilbert akatoka, akamkaribisha ndani, akamwagizia maji. Hakujificha wala hakuwa jeuri, na hilo ndilo linalomkera Abdulmajid mpaka leo, kwamba hakupewa hata mtu wa kumchukia vizuri. Kijana alieleza kwamba walikuwa wanazungumza na watu kadhaa kwa wakati mmoja, ndivyo ununuzi unavyofanyika, na wale wa nje walitoa bei ambayo fundi wa Kariakoo hawezi kuifikia. Bodi ikaamua. Alisema angempigia, ila kazi zimekuwa nyingi.

"Lakini mlinipa barua," alisema Abdulmajid.

"Mzee wangu, ile ilikuwa nia tu."

Nia tu. Abdulmajid aliyarudia maneno hayo mawili polepole, kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa wake. Akasema kwamba wao walimwandikia asipokee kazi nyingine, akakataa kazi. Waliandika awe na eneo, akaacha fremu. Wilbert alionekana kuumia kweli. Alilifungua faili, akaitoa nakala ya barua, akaigeuza imtazame mzee na kuweka kidole kwenye ule mstari wa mwisho.

"Hapa ilisema haifungi upande wowote. Maana yake hakuna aliyefungwa, mzee. Si sisi, si wewe."

"Mbona mimi nimefungwa?"

Wilbert aliangalia simu yake, na Abdulmajid akainuka.

Njiani alitafuta mtu wa kumlaumu, akazunguka na kuzunguka, kila mara akajikuta amerudi kwenye kiti chake mwenyewe cha sebuleni, anamweleza mkewe maana ya neno haifungi. Hilo lilimchoma kuliko maturubai ya kijani. Walitia nia, hawakufunga, na aliyeshinda na njaa ni yeye. Alimwambia Mgeni hivyohivyo usiku ule. Mgeni angeweza kusema mengi, na mwingine angeyasema yote. Yeye alimwekea chakula tu.

Ghala likarudishwa kwa mwenyewe. Abdulmajid akameza mate akaenda kwa Rogath, dukani kwake, katikati ya magunia. Alisema yuko tayari kushona, popote, hata uani. Rogath alimpa kiti, akamwagizia kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulikuwa wa mtu anayehani msiba.

"Fundi, ningekupa leo," alisema. "Ila Augustino nimemwahidi kazi zangu zote mpaka mwakani. Hatujaandikiana, ni mdomo tu. Lakini wewe ndiye uliyeniambia, mtu akishaposwa ameposwa."

Alisema bila kebehi yoyote. Alikuwa anamheshimu, na heshima yenyewe ndiyo iliyomfukuza Abdulmajid pale dukani. Kabla hajatoka Rogath akaongeza jambo moja, kwamba anaweza kumwombea nafasi kwa Augustino, kijana anaelemewa. Ndivyo ilivyokuwa. Leo ukipita mtaa wa nyuma utamkuta Abdulmajid kwenye kona ya karakana ya Augustino, na cherehani ya marehemu fundi wake, anashona maturubai ya Rogath kwa ujira wa siku. Anashona pembe zake zilezile. Augustino anamwita mzee na kumkatia kipande cha mkate asubuhi, na madereva wanazisifu pembe za Augustino.

Hapo ndipo watu wa mtaa wanapoishia wanaposimulia, na hapo ndipo wanapocheka. Hawajui kilichotokea Magomeni baada ya mfungo sita, mwezi wa Maulidi.

Ililetwa barua ya Shamsa. Kijana alikuwa fundi umeme wa Temeke, wa nyumba ya watu wa dini, na mshenga hakuwa mgeni. Alikuwa mzee Khalfani, jirani, mtu aliyesimama safu moja na Abdulmajid msikitini miaka na miaka. Alikuja na baba mdogo wa kijana na mtu mwingine wa makamo. Kanzu zilipigwa pasi, bahasha ilikuwa kwenye kitambaa cheupe. Mgeni alikuwa ameshapika chai ya maziwa na kuiweka hiliki, na nyuma ya pazia Shamsa alikuwa ametega sikio.

Khalfani alianza salamu zake ndefu, akazunguka kama inavyotakiwa, akasema wamekuja kuomba udugu, akainyoosha bahasha kwa mikono miwili. Abdulmajid aliipokea. Hakuiweka pembeni kama desturi. Aliishika magotini akaitazama, na Mgeni aliyekuwa mlangoni aliona taya lake linacheza, akajua, lakini hakuwahi kumzuia.

"Barua hii inafunga, au haifungi?"

Khalfani alidhani ni utani wa wazee. Akatabasamu, akawatazama wenzake.

"Barua itafungaje, Majidi? Kinachofungwa ni ndoa, siku yake ikifika. Hii ni kuonyesha nia tu."

Khalfani hakujua amegusa nini. Abdulmajid aliinuka, akamrudishia Khalfani bahasha ikiwa haijafunguliwa, tena kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Basi rudini nayo. Siku mtakayokuja kufunga, njooni na sheikh. Nia mimi sipokei tena."

Posa inakataliwa kwa kujibiwa kimya kimya, baada ya siku, kwa maneno laini ya kwamba binti bado anasoma. Kurudishiwa bahasha mkononi, mbele ya watu, hakujawahi kutokea mtaani pale. Baba mdogo wa kijana alisimama, akatafuta viatu vyake. Khalfani alibaki nyuma kidogo, akamwambia Abdulmajid kwa sauti ya chini kwamba hawa si watu wa ofisini, hawa ni watu wa maneno yao, wangekaa na neno hilo mpaka kiama. Abdulmajid alikuwa anatazama ukuta. Alijua ni kweli. Wakati maneno yanamtoka alikuwa anajua ni kweli, na aliyasema hivyohivyo, maana uchungu ulikuwa umekaa ndani yake muda mrefu bila wa kumtolea, na hawa ndio waliokuja wakiwa wameshika barua.

Walipotoka, Mgeni alikaa kwenye kochi kama mtu aliyeshushwa mzigo vibaya. Alimuuliza mumewe amefanya nini.

Shamsa akatoka nyuma ya pazia na sinia. Hakulia. Alikusanya vikombe kimoja kimoja, na vyote vilikuwa vimejaa, hakuna aliyekuwa amefikia kunywa. Alipofika mbele ya baba yake alisimama.

"Mimi nilishamkubali, Baba," alisema. "Na wengine nilishawakatalia."

Kisha akaenda uani kuimwaga chai.